Nimetia arki, mbona haisikiki? Majibu ya barua zenu

Jamani asanteni. Toleo lililopita niligusia vanila mistari miwili tu kwenye ile keki ya maziwa, na tangu hapo barua na meseji haziishi, na nyingi zinazunguka jambo moja: hela inatoka, kichupa kinaisha, harufu haipo. Kwa hiyo ukurasa wote wa leo nimewapa arki. Kwa wenzetu wa bara wasiolitumia sana neno hili, arki ndiyo hicho kichupa kidogo mnachoita esensi au fleva, cha vanila, waridi, lozi, nanasi, ndizi na kadhalika. Barua nimezifupisha, msinune.

Shikamoo bibi. Nauza ubuyu hapa Tanga, navipaki vipakiti vya mia mia na vya mia mbili. Nikiwa napika, arki inanukia mpaka kwa jirani, ila ukishapoa na kufungwa wateja wanasema ni sukari na pilipili tu. Nimeongeza mpaka chupa nzima kwa kilo tano na bado. Nakosea wapi? — Muuza ubuyu, Tanga

Marahaba mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe hapo kwenye jirani. Ile harufu iliyofika kwake ndiyo arki uliyoinunua, imetoka kwenye sufuria ikaondoka na mvuke, na ukiongeza chupa ya pili kwenye shira inayochemka unamwongezea jirani tu.

Arki karibu zote ni vitu vyepesi sana vinavyoruka kwa joto, ndiyo maana tunazisikia puani, kisingeruka kisingenukia. Hata neno lenyewe linakwambia, maana limetoka kwenye Kiarabu na asili yake ni jasho, kwa sababu watu wa zamani walichemsha maua au majani kwenye chungu, mvuke ukapanda, ukagonga kifuniko cha baridi na kutoa matone kama mtu anayetoka jasho la uso, matone yale ndiyo wakayakusanya. Sasa kama moto ndio uliotumika kuitoa harufu kwenye ua, moto huo huo utaitoa kwenye ubuyu wako.

Mimi hili nilijifunza kwa kaimati. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa napika shira ya sukari, natia arki ya waridi mwanzo kabisa pamoja na maji, inachemka robo saa nzima, uani panakuwa kama kuna harusi, watu wanapita wanasema leo kwa bi fulani kuna mambo. Magharibi ikifika mtu anatafuna kaimati, ni utamu mtupu. Mama mkwe aliniangalia siku tatu hakusema kitu, siku ya nne akaninyang'anya kichupa, akasubiri sufuria iepuliwe, akaiacha mpaka ule mtokoto umekufa kabisa, ndipo akadondosha matone, akakoroga mara mbili akafunika. Nusu ya kile nilichokuwa natia, na harufu ikabaki mdomoni.

Fanya hivyo hivyo. Pika shira yako na rangi na pilipili mpaka inatanda, mimina ubuyu, geuza mpaka umeshika wote, epua. Uache upoe mpaka unaweza kuweka kiganja ubavuni mwa sufuria bila kukitoa haraka, hapo ndipo utie arki ukigeuza upesi upesi. Ukipoa kabisa funga siku hiyo hiyo, usiulaze kwenye sinia wazi usiku kucha. Na anza na nusu ya hiyo chupa kwanza, maana arki ikizidi na haijaruka inaleta uchungu kama dawa ya kikohozi, utanilaumu.

Bibi habari za kazi. Supamaketi moja hapa Dar nimekuta vanila mbili zimekaa rafu moja, chupa zinalingana, moja bei yake unanunua kumi za nyingine. Tunaibiwa au kuna tofauti kweli? — Mama wa keki za oda, Mbezi

Tofauti ipo mama, na ni kubwa, lakini si kila keki inastahili ile ya bei mbaya.

Ile ghali, kama ni ya kweli, ni maganda ya vanila yaliyolowekwa kwenye pombe kali kwa muda mrefu mpaka harufu imehamia humo. Marekani wana sheria kabisa, kitu kisiitwe vanila halisi ya maji kama kilevi hakijafika asilimia 35, na maganda yawe kama gramu 100 kwa kila lita. Sasa fikiria ganda moja ni gramu tatu au nne hivi, na vanila baada ya zafarani ndiyo kiungo cha bei juu kuliko vyote duniani, utaona hela inaenda wapi.

Ile rahisi ina kitu kimoja tu, vanilini, kilichotengenezwa kiwandani na kuchanganywa na maji na kiyeyusho na rangi ya kahawia. Vanilini ipo pia kwenye ganda la kweli, ndiyo harufu kuu, sema kwenye ganda inakuja na wenzake zaidi ya mia mbili ambao kila mmoja ana kaharufu kake. Wajerumani walijua kuitengeneza mwaka 1874, na mjue kwamba kwa miaka mingi kitu kilichotumika kuitengenezea kilikuwa ni mafuta ya karafuu, maana yale mafuta yana kitu kinachogeuzwa kuwa vanilini. Baadaye wakahamia kwenye mabaki ya viwanda vya karatasi, na siku hizi nyingi inatokana na mafuta ya petroli. Hilo lisikutishe, molekuli ya vanilini ni ile ile ikitoka kwenye ganda au kiwandani.

Kitakachokulinda ni kusoma lebo. Picha ya ua jeupe usiiangalie, kila mtu anaweka ua. Angalia viungo nyuma: ukikuta vanilini imetajwa kwa jina, au neno bandia, au neno fleva, hiyo ni ya kiwandani hata kama chupa ni ya kioo na kifuniko cha dhahabu. Ukikuta maganda ya vanila na alkoholi na labda sukari, hiyo ndiyo.

Sasa matumizi. Keki inayokaa kwenye oveni dakika arobaini au zaidi, biskuti, vileja, hapa mimi natumia ile rahisi na sioni aibu, kwa sababu wale wenzake mia mbili wengi wanaruka kwenye joto na mteja wako hatajua. Ila krimu ya juu, kastadi, aiskrimu, pudini ya maziwa, kitu chochote usichokichoma, hapo weka ya kweli uone. Na kwenye keki usitie arki kwenye unga wala kwenye maziwa mwishoni, itie kwenye siagi na sukari wakati unapiga, maana vanila inapenda mafuta, yanaishika isikimbie. Kijiko kimoja cha chai kwa keki ya mayai matatu kinatosha. Ila arki ya lozi si vanila, hiyo ina nguvu balaa, robo kijiko tu.

Asalaam aleikum bibi. Kumbe vanila ya kweli ina pombe? Nimetumia miaka yote bila kujua. Nifanye nini sasa? — Msomaji wa Mombasa

Waaleikum salaam mwanangu. Hukumu yake muulize sheikh unayemwamini, hilo si la jikoni kwangu. La jikoni nakwambia lilivyo: ile ya maji iliyotolewa kwenye maganda kwa kawaida ina pombe ya kutosha, na ukiioka hupungua sana lakini sitaki kukudanganya kwamba inaisha yote. Na zile bandia nazo si zote salama kwa hilo, nyingine zina pombe kidogo, nyingine zimeyeyushwa kwenye gliserini au propilini glaikoli, ni kusoma lebo tu tena.

Ila pombe si lazima hata kidogo. Harufu ya vanila inahitaji kitu cha kuishika, na mafuta yanaishika, sukari pia inaikamata. Chukua ganda moja, lipasue katikati kwa urefu na ncha ya kisu, utakuta ndani kama utomvu mweusi umejaa punje ndogo kuliko ufuta, zikwangue kwa mgongo wa kisu. Zitie pamoja na ganda lenyewe kwenye maziwa au tui zito, pasha moto mdogo mpaka kingo zianze kutoa mapovu madogo, epua kabla halijachemka, funika nusu saa. Tui lina mafuta kwa hiyo linainyonya vizuri mno, mimi hiyo ndiyo napikia wali wa sukari na sijaona kinachoishinda. Baada ya hapo ganda usitupe, lioshe, likaushe, lichomeke kwenye mtungi wa sukari nusu kilo, funga, tikisa kila siku chache, baada ya wiki mbili sukari yote ni vanila, chai yake tamu sana.

Na hata bila vanila una iliki hapo nyumbani. Tena nisemee hapa hapa, kuna watu wanatia iliki ya unga ya paketi iliyofunguliwa miezi sita kwenye mahamri halafu wanalalamika. Nunua nzima, menya, twanga saa ile ile na sukari kidogo, changanya kwenye samli kabla ya unga. Limau nalo hivyo hivyo, ile njano ya juu tu ya ganda ndiyo yenye mafuta, usifike kwenye nyeupe ni chungu, ikwangue kwenye sukari kisha uifikiche kwa vidole mpaka sukari yenyewe inalowa na kushikana kama mchanga wa pwani maji yakishuka. Hiyo ni arki ya limau, ya leo leo, haijapita dukani.

Bibi, huku Lushoto kipindi cha mafyulisi tunatupa kokwa nyingi. Nimeona ukizipasua mbegu ya ndani inanukia kama arki ya lozi kabisa. Naweza kuzisaga nitengeneze yangu? — Dada wa Lushoto

Hapana mwanangu, tafadhali usifanye.

Pua yako haijakosea, harufu ni ile ile, na kuna arki za lozi za viwandani zinazotokana na kokwa za aprikoti na fyulisi kweli. Lakini ile mbegu ikisagwa na kulowana, kitu kinachotoa harufu hiyo kinakuja pamoja na sumu ya sayanidi, vinatoka pacha. Kiwandani wanaitenga na kuipima, wewe na mimi jikoni hatuna cha kuitengea wala kuipimia, na kuchemsha kwa kukisia hakuaminiki. Watoto ndio wanaodhurika haraka zaidi kwa miili yao midogo. Kama watoto wako wana tabia ya kugonga kokwa kwa jiwe na kutafuna mbegu, wakataze leo. Arki ya lozi nunua iliyofungwa dukani.

Ndugu yangu kaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka Pemba. Natia ngapi kwenye pilau? — Baba Mpishi, Morogoro

Kwenye pilau usitie kaka, weka karafuu zenyewe nne tano, zinatoa polepole na ukizikuta unazisogeza pembeni. Mafuta hayo yana nguvu ambayo watu hawaijui. Kile kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kinachemsha kwa mvuke makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, na matone yanayotoka ni karafuu tupu bila kitu kingine. Tone moja moja ulimini linafanya ganzi, ndiyo maana watu wa meno wanayatumia.

Kama unataka lazima, chovya ncha ya kijiti cha meno, ikoroge kwenye kijiko cha samli, basi, hiyo ni kwa sufuria nzima. Hakikisha chupa imeandikwa ni ya chakula, maana kuna ya kuchulia na ya kunukia. Na kiweke juu mbali na watoto, mtoto akinywa hata kidogo ini linaweza kuumia vibaya.

Bibi salamu kutoka Maskat. Wazee wetu walitoka Unguja na halua tunapika bado nyumbani. Marashi ya waridi ya Jabal Akhdar tunayonunua yana harufu ya moshi, dada yangu aliye Unguja anasema yameharibika. Yameharibika? — Msomaji, Maskat

Hayajaharibika bibi wewe, umepata yenyewe, ya kizamani. Kule Jabal Akhdar, milimani Oman, waridi linachumwa msimu mmoja tu, kuanzia Machi inakoishia mpaka katikati ya Mei hivi, wanachuma asubuhi kabla jua halijawa kali kwa ile ile sababu ya kuruka niliyomwambia muuza ubuyu. Petali zinajazwa kwenye chungu kilichokaa ndani ya jiko la udongo, juu wanaweka bakuli la maji ya baridi, mvuke unagonga chini ya bakuli na kudondokea kwenye chombo cha shaba kilichowekwa ndani. Moto wa kuni na udongo ndivyo vinavyotoa ule moshi, halafu yanaachwa wiki kadhaa yatuame. Yale meupe yanayonukia ua tupu yanatoka kwenye mitambo mipya ya chuma.

Dada yako amezoea arki nyekundu ya kichupa, na zile hazijawahi kuliona waridi. Mpelekee chupa moja aonje kwa halua, si kwa keki. Moshi ule na samli na zafarani na iliki vinaelewana sana, pia kwenye kahawa chungu tone moja, ila kwenye maziwa au keki nyeupe utasikia kama jiko la mkaa. Halua ikishaanza kujitenga na samli na mkono umechoka ndipo umimine marashi, mizunguko michache ya mwisho. Chupa ikishafunguliwa ikae frijini, haya ni maji tu hayana pombe ya kuyahifadhi.

Shikamoo mama. Tumepanda vanila hapa Bukoba, mwaka huu tumepata maganda mengi ya kijani, lakini hayanukii kabisa, yananuka majani. Mnunuzi anataka kuyachukua hivyo hivyo kwa bei ya chini. Je mbegu zetu ni feki? — Kijana mkulima, Bukoba vijijini

Marahaba baba. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Mbegu zenu si feki. Vanila ya kijani hainukii popote duniani, harufu imefungwa ndani pamoja na sukari na inafunguka tu ganda likishafanyiwa kazi, na ile kazi ndiyo pesa. Kilo tano mpaka sita za mbichi zinatoa kilo moja iliyokaushwa, kwa hiyo mnunuzi akichukua ya kijani anachukua na kazi yenu.

Nyinyi mmeshafanya lililo gumu. Kila ua linafunguka siku moja tu na mtu analichavusha kwa mkono na kijiti, asubuhi, moja moja. Vanila asili yake Mexico, ikatolewa ikapelekwa visiwani huku kwetu Bahari ya Hindi, ikatoa maua bila matunda miaka, mabwana wasomi hawakupata njia nyepesi, mpaka mwaka 1841 pale Réunion mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akaonyesha namna ya kuinua kile kijigozi cha ndani ya ua kwa kijiti na kubana kwa kidole gumba. Madagaska, Komoro, Uganda, nyinyi hapo Kagera, wote mnachavusha kwa mkono wa yule mtoto. Yeye alikufa maskini. Nilipolijua hili sikuweza tena kutupa ganda la vanila.

Sasa sikiliza. Kwanza msichume mapema kwa hofu ya wezi, najua wezi wapo, lakini ganda linataka miezi nane hadi tisa tangu kuchavushwa, lisubirini mpaka ncha ianze kuwa njano. Likichumwa changa hakuna ufundi utakaoleta harufu. Kisha pasheni maji nyuzi 63 hadi 65, nunueni kipimajoto msikisie kwa mkono, mchovye maganda dakika tatu. Yatoeni yakiwa ya moto muyafunge kwenye blanketi ndani ya sanduku la mbao, siku moja au mbili, yatatoka jasho na kugeuka rangi ya chokoleti, na hapo kwa mara ya kwanza mtasikia harufu. Baada ya hapo ni jua saa mbili tatu kila siku juu ya blanketi, jioni mnayafunga tena yakiwa na joto, wiki moja hadi mbili. Halafu kivulini kwenye chanja mwezi au miwili, mkiyageuza na kutoa yenye ukungu. Lizungushe ganda kwenye kidole, likipinda kama ngozi laini bila kukatika na bila kuacha maji, limefika. Mwisho yafungeni kwenye sanduku lenye karatasi ya nta, miezi miwili mitatu, harufu inakomaa humo.

Ulizeni wenzenu wenye chama hapo wilayani kama kuna mnaoweza kukausha pamoja, maana hii kazi mtu mmoja peke yake inamlemea. Na mnunuzi mwambieni asubiri.

Jambo moja tu la kuangalia mkifungua sanduku: mnaweza kukuta kitu cheupe juu ya maganda. Msikimbilie kutupa. Lisogeze ganda dirishani ulitazame kwa karibu. Kama ni manyoya mepesi yaliyofifia kama pamba na yananuka chumba kilichofungwa, huo ni ukungu, litoe na majirani zake. Kama ni vijisindano vidogo vinavyometa kama chumvi kwenye mwanga, hiyo ni vanilini yenyewe imejaa mpaka imetoka nje kuganda juu ya ngozi, hayo muyaweke pembeni na msiyauze kwa bei ya mengine.